Mtoto wa miaka 6 mbio ndefu za farasi, mnaonaje?

Mama Swaleh, Lamu: Jamani mjomba wake yuko Ulaya, likizo anataka kumuingiza kijana wangu kwenye mbio za farasi zile za kutwa nzima, ati mbona Lamu watoto wapanda punda tangu wadogo. Nimkubalie?

Jibu: Punda wa forodhani na mbio zinazofika kilomita 160 wapi na wapi dada?? FEI wenyewe, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, mashindano ya kimataifa hawamtaki mpandaji kabla ya mwaka anaotimiza 14. Halafu farasi kila kituo daktari anampima mapigo ya moyo, yakizidi anatolewa, sasa huyo mtoto nani anampima?

Jibu: Mie nilipanda kabla sijajua kusoma na niko hai 😂 ila ilikuwa ni hapo mtaani, bila tandiko, ukichoka washuka. Mwendo mfupi sawa, helmeti kichwani na mtu mzima kashika kamba.

Jibu: Wa 6 hawezi kumwambia mjomba nimechoka, atanyamaza tu aumie mgongo. Emirati mbio za ngamia walikuwa wakipandisha vitoto hivyo hivyo mpaka 2005 wakapiga marufuku chini ya 18, sasa wanatumia roboti. Mjomba apande yeye bwana.