Tablete imekwama ku logo kisha apdeti kukatika katikati, na ndani muko hesabu za AVEC

Mama_Katindo (Goma)
Bakubwa salama? Munisaidie kama munaweza. Niko na tablete ya Android ya inchi 10, zile za bei kidogo banauzishaka mu Birere, nyuma iko na jina yenye sijawahi kuona fasi ingine. Juzi mangaribi ikaniletea mesaji ati kuko apdeti ya sisteme, nikakubali, ikashusha muzuri, ikajizima, ikaanza kuonyesha ule mustari unajaa polepole. Ilikuwa ku shaji lakini batri yake imechoka, haishikake bila shaji, na kurante ikakatika palepale. Toka siku ile inawaka, inaonyesha logo, inazima, inawaka tena, inazima, mpaka batri inaisha.

Chenye kinaniumiza si tablete yenyewe. Mi njo sekretere wa AVEC yetu ya bamama (kikundi cha kuweka na kukopeshana feza), na nani aliweka hisa ngapi, nani ako na deni, nani alilipa amande, byote biko mu fishie ya Excel mule ndani. Mwezi wa kumi na mbili tunagawana feza. Fundi mumoja wa hapa mutaani anasema atafuta kila kitu ndio iwake, nimekatala. Kuko njia ya kuiamusha bila kupoteza bile biko ndani?

FundiKadutu (Bukavu)
Mama, umefanya muzuri kukatala, na usimupe mutu yeyote tena mbele ya kusikia hii. Logo ikionekana maana yake tablete haijakufa, ile programu ya kwanza kabisa yenye kuamusha chipu ingali nzima, chenye kiliharibika ni sisteme yenye inafuata kwa sababu iliandikwa nusu. Toka Android 7.0 ya 2016 kuko tablete zenye kubeba sisteme mbili, apdeti inaandikwa ku ile haitumiki, ikikatika unarudia ku ya zamani bila shida. Ila hizi za bei kidogo mingi ziko na moja tu, njo maana inakwama vile. Hesabu zako zinakaa fasi yake ya pekee, apdeti haiigusake.

Anza na hii: shajia saa mingi, finya butoni ya kuwasha mpaka izime kabisa, kisha finya Volimu ya juu pamoja na ya kuwasha. Ukiona karobo kamelala na neno No command usiogope, shikilia butoni ya kuwasha, gusa Volimu ya juu mara moja, menyu itatokea. Chagua wipe cache partition, ile inapangusa bitu bya muda tu. WIPE DATA USIGUSE, nakuomba sana, ile njo inafuta hesabu.

Kijana_Ndosho (Goma)
Unajichosha bure mama, tafuta mashini, weka SP Flash Tool (programu ya kuandika sisteme upya), piga Format All + Download, dakika kumi imewaka. Mi nafanyaka vile kila siku

Yaya_Bel_Air (Lubumbashi)
Hapana hapana, mama usimusikilize. Format All inapangusa chipu yote, na hesabu zitaenda, lakini si ile tu, inakula hata NVRAM, fasi kunakaa namba za IMEI (zenye rezo inatambulia tablete) na adresi ya wifi. Kisha pale tablete itawaka ndiyo, ila kadi ya simu haitashika rezo na ku listi ya wifi utaona NVRAM WARNING: Err = 0x10. Batu banaleteaka mi zile tablete huku Bel-Air, banalia, fundi alishakula makuta yake na kwenda. Kijana, kama unafanyia batu vile kila siku, anza kukopia NVRAM yao mbele, tafazali, ile ni mali ya batu.

 

Mama_Katindo (Goma)
Asanteni. Menyu nimeiona, nikafanya wipe cache, ikarudia ku logo vilevile. Niko na laptopu ya mutoto wangu ya Windows. Naendelea aje?

FundiKadutu (Bukavu)
Sasa tunatafuta kujua chipu, na usiamini bile biliandikwa ku karto. Zima tablete, fungua Device Manager ku laptopu, kisha chomeka kable huku unafinya Volimu. Kitu kitatokea sekonde kidogo na kupotea, uwe haraka, bonyeza kulia, Properties, Details, Hardware Ids. Ukisoma VID_0E8D ni MediaTek, ile njo ya SP Flash Tool. 1F3A ni Allwinner, unatumia PhoenixSuit. 2207 ni Rockchip. 05C6 na 9008 ni Qualcomm. Kila moja na chombo yake, na ya moja haifanye kazi ku ingine. Kama hakuna kitu kinatokea badilisha kable kwanza, kuko kable mingi mu soko ziko na nyaya za shaji tu, za data hakuna.

Kisha fungua mufuniko wa nyuma na kitu ya plastiki, polepole, uangalie ubao wa ndani. Kuko namba iliandikwa kwa rangi nyeupe, mara mingi na tarehe pembeni. ILE NAMBA njo unatafutia romu (fishie za sisteme nzima), si jina ya nyuma. Tablete mbili za jina moja, rangi moja, zinaweza kuwa na ubao tofauti na kioo tofauti. Ukiweka romu ya ubao mwingine utapata kioo cheupe, ao unagusa kushoto inajibu kulia.

Mama_Katindo (Goma)
Ni 0E8D. Ubao nimeupiga picha, namba inasomeka. Nimepata romu yenye namba ile na tarehe ile, ni nzito, nitaishusha na mega za usiku.

Yaya_Bel_Air (Lubumbashi)
Muzuri. Ikifika, fungua ile zip, muko fishie inaitwa scatter, ni ramani ya fasi za chipu, hiyo njo unaonyesha SP Flash Tool. Chagua Download Only. Mu listi toa alama ku userdata, juu ndani yake muko hesabu zako. Toa na ku preloader, ile programu ya kwanza yenye kuamusha chipu, yako ingali muzima, na ikiandikwa mubaya njo tablete inakufa kabisa, hata logo hauone tena. Bonyeza Download KWANZA, kisha chomeka tablete yenye imezimwa. Mustari mwekundu utapita, wa njano utafuata, alama ya kijani ikitokea imeisha. Ukiona 0xC0060003 badilisha tundu ya USB na uweke upya drayva za VCOM (zenye laptopu inaongeleako na tablete), mara mingi ni pale.

Kintu ingine: ikiwaka na kuonyesha Decryption unsuccessful na butoni ya Reset, usifinye ile butoni, zima. Android za leo zinafunga data na ufunguo, romu ikiwa tofauti na ile ya mbele haiweze kufungua. Unatafuta vesio ingine ya ubao ule ule. Na fundi akikuambia atatoa chipu asome hesabu ku mashini yake usimulipe, zimefungwa, atasoma takataka tu.

Kijana_Ndosho (Goma)
Yaya nimesikia. Hiyo NVRAM unaikopia na nini, na ile ile SP Flash Tool?

Yaya_Bel_Air (Lubumbashi)
Ndiyo, ku Readback. Unasoma adresi na urefu wa nvram ndani ya scatter, unaandika pale, unabonyeza Read Back. Fanya ile ku kila tablete mbele ya kugusa kitu.

Mama_Katindo (Goma)
IMEWAKA!! Ilikwama ku logo murefu mpaka nikaanza kusali, kisha ikafunguka, picha ya bajukuu ku ekra vilevile, fishie ya Excel iko, majina yote ya bamama biko, na deni zao. Nimetumia prezida na mwenye kutunza sanduku mara moja ku WhatsApp, nikakopia na ku kadi ya memori. Wifi inashika bila ile warning. Tarehe tu ilirudia nyuma, nimeirekebisha. Mungu abariki mikono yenu. Ila sasa ile apdeti imerudia tena kuniita, niikubali?

FundiKadutu (Bukavu)
Furaha yangu mama! Usiikubali bado. Ingia About tablet, gusa Build number mara 7, kisha mu Developer options zima Automatic system updates. Badilisha batri kwanza. Mu Birere zinapatikana: peleka ile ya zamani, upime urefu, upana na unene, volti zifanane na zenye ziliandikwa ku batri yako, nyaya nyekundu na nyeusi zikae fasi ileile. Ukiona tablete inashinda mangaribi muzima bila shaji, pale unaweza kuikubali.