Wekundu, miguu mirefu, wanakimbia kama mbwa wa kuwindia: nimewaona njia ya Nata kwenda Robanda

Dereva wa Mara
Wakuu, naombeni msaada. Napeleka bidhaa madukani huku Serengeti, barabara hizi nazijua. Jana jioni nikitoka Nata kwenda Robanda, kundi dogo la wanyama likakatiza mbele ya gari. Mgongo rangi ya kutu, tumbo na miguu vyeupe, uso mweusi, chini ya pua manyoya meupe mithili ya masharubu. Dume lilikuwa kubwa karibu mara mbili ya wenzake. Likasimama kwa miguu ya nyuma, likachungulia juu ya majani, likanitazama. Nikazima injini. Badala ya kupanda mti, wote wakatimka nyikani kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mnyama wa aina hiyo. Picha niliyopata ni vumbi na mkia. Nyani nawajua, tumbili nawajua. Hawa ni akina nani?

Kijana wa Bunda
Tumbili hao, kaka. Kiangazi hiki kila kitu ni vumbi jekundu.

Muongoza Watalii
Hapana, ndugu yangu. Vumbi halirefushi miguu. Tena tumbili akishtuka hukimbilia mti ulio karibu, ila hawa wamekimbilia uwazi. Dereva, umewaona patas! Ndio wenye mbio kuliko jamii yote ya nyani na kima, hufika kilomita 55 kwa saa. Dume hukaa pembeni akilinda, ndiyo maana lilisimama kukukagua. Niambie, miti ya pale ikoje?

Wa Nanyuki
Nakubaliana na muongoza watalii. Huku Laikipia wako, tunawaona kwenye mashamba ya mifugo. Basi ni hao hao wetu, wamesambaa hadi Tanzania.

Dereva wa Mara
Asanteni sana. Miti ni migunga mifupi, haifiki juu ya kichwa cha mtu, ina vinundu vyeusi vyenye miiba na vitundu vidogo. Upepo ukivuma inapiga mluzi. Ukiigusa, sisimizi wanakuvamia mkononi.

Muongoza Watalii
Hapo umemaliza kazi. Patas hula utomvu wa mgunga huo, na hupasua vile vinundu kula sisimizi na mayai yao.

Wa Nanyuki, hapo kwenye "hao hao wetu" tuelewane, maana ni jambo kubwa. Wa Mara ni patas wa kusini, Erythrocebus baumstarki, spishi tofauti na wenu. Zamani walikuwepo hadi upande wa Kilimanjaro na kusini mwa Kenya, huko kote wametoweka. Mwaka 2021 watafiti wa kima, Yvonne de Jong na Thomas Butynski, walichapisha tathmini yao: waliobaki ni kati ya 100 na 200, karibu wote magharibi mwa Serengeti na mapori ya Ikorongo na Grumeti. Nje ya Tanzania hawapo tena. Kwa hiyo Dereva, kundi lililokatiza mbele ya gari lako si dogo hata kidogo.

Kinachowamaliza ni migunga kukatwa kwa mkaa na kuni, mbwa wanaowakimbiza, na visima vya kiangazi ambako wanakuta ng'ombe wamejaa. Patas lazima anywe maji, na akifika kisimani akakuta mbwa, anaondoka na kiu yake.

Andika leo, kabla hujasahau: saa, mahali hasa, walikuwa wangapi, kama kulikuwa na watoto. Wapelekee TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania), au askari wa hifadhi wa karibu. Hata ile picha ya mkia ipeleke, usiifute.

Kijana wa Bunda
Mimi kwetu kuna shamba la babu lina migunga hiyo hiyo, mwezi ujao walikuwa waing'oe. Naongea na mzee leo jioni.

Dereva wa Mara
Mtoto alikuwepo mmoja, ameng'ang'ania tumbo la mama yake. Naandika sasa hivi.