Nimeipenda Istanbul, moyo unagoma kuondoka

Wakuu, nimesafiri peke yangu hadi Istanbul na sitaki kuondoka. Kila jioni napanda feri kutoka Eminönü hadi Kadıköy, naacha Ulaya nashukia Asia, shakwe wakitufuata ubavuni. Sina wa kuongea naye, wala simtafuti. Mliowahi kupenda mji hivi, mlirudi?

Jibu: Nilirudi, dada, tena makusudi wakati wa baridi. Mvua, giza la mapema, na wavuvi bado wamejipanga na ndoo zao kwenye Daraja la Galata. Nikaupenda zaidi. Rudi!

Jibu: Kabla hujaondoka panda hadi Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya Sinan, msanifu majengo wa masultani wa Osmani, uliokamilika 1557. Ukisimama nyuma yake unaiona Pembe ya Dhahabu, ile ghuba ya mji, chini yako.

Muulizaji: Kesho asubuhi nipo huko. Asanteni mno.