MJADALA: Visasili vya Wagiriki vilitungwa kuwaweka wanawake chini?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili kwa hoja, matusi tuyaache pembeni.

Ugiriki ya kale ikitajwa, watu hukimbilia demokrasia, falsafa na Olimpiki. Visasili vyao tunavichukulia kama burudani tu: Zeus kapiga radi, Herakles kaua simba, maisha yanaendelea. Mimi nasema vilikuwa na kazi. Na kazi mojawapo, hasa pale Athens, ilikuwa kumweleza mwanamke kwa nini hana kauli.

Chukueni kisa cha jina la mji wenyewe. Mungu wa kike Athena na Poseidon, mungu wa bahari, wanagombea nani awe mlinzi wake. Mzeituni umechipuka upande mmoja, maji ya bahari yamebubujika upande mwingine. Mfalme Kekrops anaitisha kura, na kisa kinasema wakati huo wanawake nao walikuwa wakipiga. Wanaume wote wakampa Poseidon, wanawake wote wakampa Athena, na wanawake wakazidi kwa kura moja. Poseidon akakasirika, akaifurikisha nchi kwa mawimbi. Ili apoe, wanawake wakapewa adhabu tatu: wasipige kura tena, watoto wasirithi jina la mama, na wao wenyewe wasiitwe watu wa Athens.

Yaani walioshinda uchaguzi ndio walioadhibiwa! Na Athena, waliyempa mji, hakuwatetea hata kwa neno moja.

Kisa hiki tunacho kwa sababu Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo (leo ni Annaba, Algeria), alikinukuu kutoka kwa Mrumi Varro ili awacheke wapagani. Lakini hali kinayoieleza ilikuwepo kweli. Mwanamke wa Athens hakupiga kura, na maisha yake yote alikuwa chini ya msimamizi wa kiume: baba, kisha mume, na akifiwa, mwanawe au ndugu. Binti wa miaka 14 au 15 aliozwa kwa mtu anayekaribia 30.

Karibuni mnipinge.

Ngalawa

Mkuu, nakupinga kwa jina moja: Demeter, mungu wa kike wa nafaka.

Binti yake Persephone yuko mbugani anachuma maua, ardhi inapasuka, Hades, mungu wa kuzimu, anatoka na gari la farasi anambeba. Zeus, mfalme wa miungu, ambaye ndiye baba wa binti, alisharidhia siku nyingi. Mama hakuulizwa. Hizo ndizo ndoa zenu za Athens ulizozieleza, baba anatoa na mama anapewa taarifa. Sasa tazama mama anafanya nini. Anagoma! Utenzi wa kale wa kumsifu unasema ng'ombe walikokota majembe bure na shayiri ikaangukia udongoni bure, haikuota hata punje. Watu wakakaribia kwisha kwa njaa, na miungu ikakosa sadaka. Zeus akatuma wajumbe mmoja baada ya mwingine, wamejaa zawadi na maneno matamu. Mama kakaza. Aliyelegea ni Zeus. Binti akarudishwa, ila kwa kuwa alishakula punje ya komamanga huko chini, theluthi moja ya kila mwaka lazima arudi kwa mumewe.

Kama visasili vilitungwa kumnyamazisha mwanamke, hiki kilipenyaje? Na si hadithi ya pembeni. Eleusis, kama kilomita 20 kutoka Athens, watu waliingia katika ibada za siri za Demeter kwa karne nyingi, wanawake kwa wanaume, hata watumwa, mradi ujue Kigiriki na mikono yako isiwe na damu ya mtu. Halafu kulikuwa na sikukuu ya Thesmophoria, ya wanawake watupu. Mwanamume haruhusiwi kukanyaga.

Mama Tabasamu

Mbona mnamruka Medusa? Msichana anabakwa na Poseidon ndani ya hekalu la Athena, na anayeadhibiwa ni yeye: nywele zinageuzwa nyoka. Kisha anatumwa kijana, Perseus, kumkata kichwa, na anaitwa shujaa. Mwaka 2020 sanamu ya Luciano Garbati iliwekwa New York karibu na mahakama ya jinai, Medusa kasimama na kichwa cha Perseus mkononi. Watu waligombana kweli kweli kuhusu ile sanamu, na mimi niko upande wa walioifurahia. Mleta mada yuko sahihi.

Mleta mada

Asante kwa kuniunga mkono, dada, ila shahidi huyo simtaki. Medusa wa hekaluni ni wa Ovid, mshairi wa Roma, miaka ya mwanzo ya karne ya kwanza BK. Kwa Hesiod, mshairi wa Kigiriki, karibu miaka 700 kabla yake, Medusa kazaliwa Gorgon, yaani zimwi la kike, mmoja wa ndugu watatu, na Poseidon analala naye kwenye nyasi laini penye maua. Hakuna hekalu wala adhabu. Hatuwezi kuwahukumu Wagiriki kwa maneno ya Mrumi.

Mama Tabasamu

Hahaha! Ovid wangu umemtoa nje kwa kuwa ni Mrumi, halafu Varro wako naye ni mtu wa wapi?

Shemeji Mkubwa

Hapo mleta mada kabanwa. Nipo kwa juu nafuatilia.

Mleta mada

Varro alifariki mwaka 27 KK, kabla Ovid hajaandika kisa hicho, lakini sawa, tuwaweke Warumi wote wawili pembeni. Twendeni Athens kwenyewe, mwaka 458 KK, mbele ya maelfu ya watazamaji. Aeschylus, mtunzi wa michezo ya kuigiza, anaonyesha kesi ya Orestes, aliyemuua mama yake Clytemnestra, kwa kuwa mama huyo alimuua mumewe Agamemnon, ambaye naye alikuwa amemtoa binti yao Iphigenia kafara. (Familia hii ingekuwa mtaani kwetu tungehama.) Mtetezi wa Orestes ni mungu Apollo. Hoja yake: mama si mzazi, mzazi ni baba, mama anaitunza tu mbegu aliyoachiwa. Anataka ushahidi? Anamwonyesha Athena mwenyewe, aliyetoka kichwani mwa Zeus. Kura zikafungana, na Athena kampa yake Orestes, akisema yeye hakuzaliwa na mama na katika yote anasimama na upande wa wanaume.

Huyo si Mrumi. Na michezo hiyo ilipata tuzo ya kwanza.

Ngalawa

Umejifunga goli, mkuu. Hesabu miaka saba kutoka hapo. Mwaka 451 KK mji huohuo, kwa hoja ya kiongozi wake Pericles, unapitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote ni wa Athens. Jukwaani mama si mzazi, ila kwenye daftari la uraia bila yeye hupiti. Sasa kisasili kilikuwa kinaitumikia sheria gani hapo?

Na sheria ile ilimrudia mwenyewe. Pericles alizaa na Aspasia, mwanamke wa Mileto, mtoto akawa si raia. Tauni iliyoanza mwaka 430 KK ilipowachukua wanawe wawili wa ndoa, ilibidi awaombe wananchi wamkubalie huyo.

Shemeji Mkubwa

Mkuki kwa nguruwe.

Mleta mada

Hoja nzito, nakiri uzito wake, lakini angalia mama huyo anahesabiwa kama nani. Anahesabiwa kama binti wa fulani. Uraia anaoupitisha ni wa baba yake. Yeye bado hapigi kura, hashtaki, hasimami barazani. Mahakamani wasemaji walikwepa hata kumtaja kwa jina mwanamke wa heshima aliye hai, anakuwa "mke wa fulani" au "mama wa fulani". Demeter aligoma kwa sababu nafaka ilikuwa mkononi mwake. Mwanamke wa Athens angegomea nini?

Na huyo Demeter wako, mbona hakumpata binti mzima? Ndoa haikuvunjwa.

Ngalawa

Haikuvunjwa, kweli. Ila kisa kinakuonyesha uchungu wa mama mpaka unauona, na kinamfanya Zeus aonekane mdogo. Mimi naona visasili vilikuwa mahali pa kubishania mambo, si tangazo la serikali. Soma Medea, mchezo wa kuigiza wa Euripides, 431 KK. Medea mwenyewe anasimama anasema wanawake wananunua mume kwa mali nyingi ili apatikane bwana wa miili yao, na kwamba afadhali asimame vitani mara tatu na ngao kuliko kuzaa mara moja. Maneno hayo yalisemwa hadharani, na serikali ndiyo iliyoandaa tamasha.

Mama Tabasamu

Na aliyeyasema alikuwa mwanamume kavaa barakoa, maana mwanamke hakuruhusiwa kuigiza. Mtunzi mwanamume, waimbaji wanaume, waamuzi wanaume.

Mleta mada

Waamuzi hao wakampa Euripides nafasi ya tatu. Walioshindana walikuwa watatu.

Ngalawa

Alirudi tena mwaka 415 KK na mchezo kuhusu wanawake wa Troya waliofanywa mateka, miezi michache tu baada ya jeshi la Athens kuua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwauza wake na watoto utumwani. Safari hiyo akapata ya pili. Kama kazi ya visasili ilikuwa kuwafariji wanaume wa Athens, hicho nacho kiliwafariji nini? Nijibu hilo, mkuu, kabla hatujahamia Sparta.