Nimeachika lakini jina la mume bado limo kwenye simu na pasipoti, nirudi kwa baba au nibaki nalo?

MshonajiWaKikwajuni
Assalaam alaykum. Naomba ushauri ila msinicheke sana maana nshajicheka mwenyewe. Mie nimeolewa 2013, na huku kwetu Zanzibar kama mnavyojua mwanamke akiolewa jina lake habadili, mamangu hajabadili, bibi yangu hajabadili, sasa mie sijui nilipandwa na kitu gani. Mume alikuwa anataka kwenda kusoma Uingereza akasema familia nzima tukiwa na jina moja la mwisho hatutosumbuliwa uwanja wa ndege. Nikakubali, nikatoa la baba na la babu nikaweka lake, kitambulisho, pasipoti, benki, kila kitu. Viza yenyewe haikutoka! Mbali tuliyofika na ile pasipoti ni Mombasa kwenye harusi ya binamu yake. Safari ikafa, jina likabaki.

Mwaka juzi kanipa karatasi yangu, eda imekwisha, hatuna ugomvi, watoto wawili wanakwenda kwake wanarudi kwangu. Tatizo ni simu. Nashona madera na nguo za skuli, wateja wananilipa kwa simu, na mtu akitaka kutuma linamtokea jina langu na la yule bwana. Na yule bwana kaoa. Wiki iliyopita kaja mtoto wa watu mmoja, hina mpya mpaka kwenye viwiko, kachagua dera la buluu, kaandika namba yangu, akasita. Namba ya siri hajabonyeza, kidole kipo juu juu. Kaitazama simu, kanitazama mie, kaitazama simu tena, kaniuliza "wewe nani yake?" Wallahi nilikosa jibu, nikamwambia "mshonaji."

Sasa nirudi kwa baba? Naogopa watoto watakuwa na jina mbali na langu, na kibao cha duka kimeandikwa jina lile lile na wateja ndio wanalolijua. Na zile fomu za kuuliza Miss au Mrs mie nijaze lipi?

Mzee_wa_Chokocho
Waalaykum salaam mwanangu. "Waiteni kwa baba zao", Suratul Ahzab aya ya 5. Rudi kwa babako, mjadala umekwisha.

BintiChake
Mzee wangu shikamoo, kwa heshima zote, aya ile imeshuka kwa watoto wa kulea. Zayd alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad (s.a.w) ndo ikaja amri aitwe kwa babake, Zayd bin Haritha. Masheikh wanaitumia na kwenye haya ya ndoa, sawa, sibishi, lakini dada wa watu alijaza fomu ya viza, hakumkana babake.

Shoga kuhusu watoto hebu tuhesabu pamoja. Huku kwetu mtoto anabeba jina lake, la babake, la babu yake. Babake anabeba lake, la babake, la babu yake. Kwa hiyo ukitazama neno la mwisho, mtoto na babake mwenyewe hawafanani, labda wawe ni watu wanaotumia jina la ukoo. Sasa hiyo familia nzima jina moja aliitoa wapi? Wala usihangaike na watoto. Mtazame Rais Samia, mtoto wa Kizimkazi, kaolewa na Hafidh Ameir mwaka 1978 na mpaka leo ni Suluhu Hassan. Mwanawe ni Wanu Hafidh Ameir, na yeye kaolewa na Mchengerwa na bado ni Hafidh Ameir. Hakuna anaeuliza yule mtoto wa nani.

KijanaWaDarajani
"Mshonaji" 😂😂 dada umeniua. Hilo dera alilichukua au aliliwacha?

mjane_wa_Wete
Mie nnapingana kidogo. Jina la mume wangu nnalitumia kwenye biashara ya karafuu, marehemu ana miaka 11 chini ya ardhi na wazee wa shamba wananijua kwa jina lile, nikisema la babangu wataniuliza wewe wa kijiji gani. Mama Fatma Karume mume kauliwa 1972 na watu hawakuacha kumwita Mama Karume. Ila mie nimefiwa, wewe umeachwa, najua si sawa. Nnachosema usirudi kwa sababu ya bi harusi. Rudi kama wewe mwenyewe ukilisikia linaitwa hugeuki.

Wakili_Mchovu
Nimechoka kuwaona watu wanaanzia kwenye simu. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na jina linatoka kwenye kitambulisho ulichosajilia, wakala wa simu hana la kukusaidia atakurudisha ulikotoka. Anza na talaka. Kama karatasi ipo kabatini tu ipeleke Mahakama ya Kadhi isajiliwe. Halafu tafuta cheti cha kuzaliwa maana hicho ndicho chenye jina la babako. Barua ya sheha, yule kiongozi wa mtaa wako. Kiapo kwa wakili kwamba fulani aliyekuwa akiitwa hivi ndiye huyu huyu anaeitwa hivi, na hicho kiapo toa nakala nyingi kuliko unavyodhani, kila dirisha watakutaka moja. Kitambulisho kikishatoka ndo benki, simu, na pasipoti iwe ya mwisho. Na kwa wanaopenda kuitaja Sheria ya Ndoa ya 1971, ile ni ya Bara, Zanzibar haitumiki. Tena si ile wala si ya huku inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume.

Mwalimu_Mstaafu
Kwa historia kidogo mtaniwia radhi. Salme binti Said, mtoto wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alitoka Unguja 1866, mwaka wa pili akabatizwa Aden akaolewa na Heinrich Ruete, Mjerumani. Jina la kwanza likawa Emily, la mwisho Ruete, la baba likapotea kwenye makaratasi. Mume akafa 1870 kwa ajali ya tramu kule Hamburg, ndoa haijatimia miaka minne. Yeye kaishi na jina lile mpaka 1924. Lakini mwanawe Rudolph alipokuwa mtu mzima akajiita Said-Ruete, kamrudisha babu yake kwenye karatasi. Mie hapo ndipo huwa nasimama nikisomesha.

mama_wa_London
Nipo Uingereza mwaka wa tisa, jina ni la baba na babu, watoto wana la babao. Nikipita nao uwanja wa ndege vyeti vyao vya kuzaliwa vimo kwenye mkoba, mara nyingine wanaviuliza, dakika moja tushapita. Tena hata huku hakuna sheria ya kukulazimisha uchukue jina la mume, ni desturi yao tu. Na kuhusu Miss na Mrs kuna la tatu, Ms, halisemi umeolewa wala hujaolewa. Nilipoelezwa mara ya mwanzo nikacheka, nikasema sisi si tuna Bi? Mtu mzima ni Bi, awe na mume, kaachika, kizuka, hajaolewa kabisa, anaitwa Bi na hakuna anaemchungulia ndani.

MshonajiWaKikwajuni
Ahsanteni jamani. Leo asubuhi nimekwenda kwa sheha, kalamu mkononi kaniuliza "haya nikuandike nani?" nikataja jina langu la baba na la babu, sikuyasema kwa pamoja hivo miaka mingi, nikajikuta nimeyasema kwa sauti ya kusomewa rejista skuli. Nimegeuka @mjane_wa_Wete, nimelijua langu. Cheti cha kuzaliwa kipo kwa mama Mkoani, kaka atakileta na boti ya Alhamisi. Kibao fundi rangi kasema kufuta jina bei yake na kuandika jipya bei yake, nimemwambia afute kwanza.

@KijanaWaDarajani alilichukua. Na jana kaja tena kushonesha la kijani. Kalipa taslimu.