Kidonge cha kuyeyuka mdomoni: mbona hatulii haraka?

Mama Tunu: Habari zenu. Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Akichafukwa, kidonge anakificha shavuni, kesho yake nakiokota chini ya mto. Juzi daktari kambadilishia dawa ya ugonjwa huo, olanzapini ya kuyeyuka mdomoni, kidonge cha miligramu 10. Leo saa nzima imepita, bado anazunguka uani anagombana na kuku. Nimpe kingine?

Nesi wa Zamu: Usiongeze dada, mpaka daktari aseme. Kinayeyuka upesi, lakini dawa inafyonzwa tumboni kama kidonge cha kawaida. Kilele chake kwenye damu ni baada ya saa 5 hadi 8. Faida yake ni hiyo ya shavuni: hana cha kuficha. Akianza kupiga watu, mpelekeni hospitali.

Kidevu: Mimi mwenyewe natumia dawa hii, mwaka wa tatu. Mikono iwe mikavu, bandua karatasi ya pakiti, usikisukume kidonge kupitia karatasi, kitavunjika. Na usimtilie kwenye uji kwa siri! Kaka yangu alinifanyia hivyo, nikakaa wiki nzima sili chakula cha nyumbani.

Mama Tunu: Ahsanteni. Kalala saa nne usiku. Kuku wamepona.