Mihadhara ya bure mtandaoni: wanafunzi wangu wanasinzia, nyie mnafanyaje?

Mwalimu_Mkonge (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Fizikia kidato cha tano, shule ya serikali hapa Tanga mjini. Vijana 64, maabara yenye meza na sinki lisilotoa maji. Juzi nimekesha na bando langu mwenyewe, nikashusha mhadhara wa dakika 50 wa MIT OpenCourseWare (masomo ya bure mtandaoni ya MIT, chuo kikuu cha Marekani), nikaazima projekta kwa jamaa mwenye ukumbi wa harusi. Nikajiona mjanja kweli. Dakika ya kumi nageuka, mstari wa nyuma wote wamelala (joto la Tanga la saa nane mnalijua). Walio macho wanashangaa mbao za kule zinavyopanda na kushuka kwa mota, kilichoandikwa juu yake hawana habari nacho. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu anaongea Kiingereza gani?"
Hivi hizi video mnazitumiaje? Au ni za wenye viyoyozi?

Binti_Kaole (Bagamoyo)
Pole mwalimu mwenzangu, nami nilianzia hapo hapo. MIT walipotangaza mpango ule mwaka 2001 walikuwa wanaweka wazi masomo yao ya chuo kikuu, mtoto wa kidato cha tano hakuwa akilini mwao. Mhadhara mzima nautazama mimi, nyumbani, daftari pembeni. Darasani napeleka dakika nne.
Na nasimamisha kabla profesa hajatoa jibu. Kila mtu aandike kwenye karatasi anachodhani kitatokea, jina juu. Akishaandika jina lake hasinzii tena, anataka kujua kama kaumbuka. Mara ya kwanza nazima sauti nasimulia mwenyewe, ya pili nafungulia na maandishi ya chini.
Kwa sekondari jaribu video za bure za Khan Academy, vipande vyao ni vifupi. Halafu kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, majaribio ya kuchezea kwenye skrini. Unashusha mara moja, unatumia bila intaneti, na mengine yapo kwa Kiswahili.

Kijana_Ngamiani
Mwalimu, nijazie flashi niuze buku mbili mbili kwa vijana wa tuisheni 😄

Mkutubi_Mstaafu
Mjukuu wangu, usiuze. Leseni ya MIT OpenCourseWare inakuruhusu kunakili, kutafsiri na kugawa, ila utaje ulikotoa, usifanye biashara, na ulichotafsiri ukigawe kwa masharti yale yale. Gawa bure, wakununulie chai.
Mwalimu, usiishie kwenye video. Kozi nyingi mle zina maswali ya mazoezi, mara nyingi na majibu yake, kwenye PDF. Hizo hazili bando.

Mwalimu_Mkonge (Tanga)
Nimerudi. Asante Binti Kaole, umenisitiri.
Nimekata dakika tatu tu za jiwe linalobembea kwenye uzi, nikasimamisha. Nikauliza: tukiweka jiwe zito zaidi, litakwenda na kurudi kwa haraka zaidi? Karatasi 41 zikasema ndiyo. Tukatoka nje hadi kwenye mwembe wa nyuma ya bweni, na kamba ya mkonge (Tanga hatukosi kamba). Mita moja kutoka tawini hadi katikati ya jiwe. Kwenda na kurudi mara kumi, saa ya simu ikasoma sekunde 20. Tukafunga jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto kwenye kamba ile ile. Sekunde 21.
Kelele! Waliokosa wakadai jiwe zito limechelewa, kwa hiyo uzito una kazi yake. Hapo na mimi nikababaika, maana kwenye hesabu uzito haumo kabisa. Binti mmoja ambaye tangu muhula uanze sijasikia sauti yake akachukua rula, akapima. "Mwalimu, jiwe kubwa katikati yake iko chini zaidi. Urefu si mita moja tena." Kweli, lilikuwa limezidi karibu sentimita kumi. Tukapandisha fundo, tukarudia: 20.
Sasa wameng'ang'ania mita nne, hesabu inasema itakuwa sekunde 40. Tawi la mwembe halifiki. Kuna mtu maeneo ya Chumbageni ana ngazi ndefu ya kuazima Jumatatu?